Kilindo cha Ulezi Mwekundu

Nyumba ya Adriano ilikuwa nyumba ya mahindi, na hilo lilijulikana kuanzia kijijini kwao mpaka Chala. Miaka ile serikali ilipokuwa ikileta mbolea ya chumvichumvi kwa bei ya kutupwa, Adriano alipanda mahindi mbele ya nyumba, nyuma ya nyumba na pembeni mwa choo. Malori yalikuja kuyabeba, Rukwa ikatajwa redioni miongoni mwa mikoa inayolisha taifa, na kila ilipotajwa Adriano alijiweka sawa kwenye kiti, utadhani jina lililosomwa ni lake. Mkewe, Redempta, alipalilia, akavuna, akapukuchua na kunyamaza. Lakini kila msimu alipanda kipande chake cha ulezi pembezoni, kule jembe la mumewe lilikokuwa halijafika, na kila msimu kipande hicho kilizidi kusogezwa.

Kisha likaja soko huria. Sina ugomvi nalo, maana lilirudisha Sumbawanga mjini vitu vilivyokuwa vimesahaulika madukani, sabuni na kanga na betri za redio. Lakini ruzuku ya mbolea iliondolewa, na mfuko mmoja ukawa wa kuutazama na kuupita. Wanunuzi binafsi walikuja walipotaka, wakapanga bei waliyoitaka, na barabara ikiharibika kwa mvua hawakuja kabisa. Mahindi yakakaa ghalani mpaka fukusi wakayala wao. Shambani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwa sababu udongo uliozoeshwa chumvichumvi ulikuwa hautaki tena kuzaa bila hiyo. Mahindi ya Adriano yalitoka ya njano na kuishia kiunoni. Akauza mbuzi, akanunua mbolea kidogo, akawa anainyunyiza kwa ncha za vidole kama mpishi bahili.

Redempta alimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomzuia kumwambia usoni kwamba shamba limechoka. Alikwenda kumwambia Cornelia.

Cornelia alikuwa jirani yake na kiongozi wa jumuiya yao ya sala, mwanamke ambaye hata akinong'ona anasikika ng'ambo ya kijito. Wiki hiyohiyo, wanawake walipokusanyika nyumbani kwake kusali rozari, alisema wazi lile ambalo kila mmoja alikuwa akilimeza.

"Watoto wetu wanakwenda shule na chai ya rangi tumboni," alisema. "Uji wa ulezi umekuwa dawa. Ukiuona jikoni kwa mtu unauliza nani kajifungua. Sisi ni wenyeji wa nchi hii au ni wapangaji?"

Wakacheka, lakini hawakutawanyika. Siku ile walikubaliana kwamba kila nyumba irudishe walau kipande kimoja kwenye ntumba. Kwa asiyelijua jambo hilo, ntumba ni vile vilima vidogo vya majani ambavyo Wafipa wamevilima tangu enzi za mababu. Mvua zikiwa katikati, nyasi zikiwa ndefu na udongo laini, unakata nyasi, unazirundika, unazifunika kwa mabonge ya udongo yenye mizizi yake. Juu yake unapanda maharage. Chini, gizani, nyasi zinaoza taratibu na kugeuka mbolea. Msimu unaofuata unakibomoa kile kilima, unakisambaza, unamwaga ulezi. Mbolea yake haisubiri lori wala haipandi bei.

Tatizo likawa mbegu. Nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kunywa mbegu yao zamani, nyingine ziliitupa kupisha magunia ya mahindi. Walipoulizana, ilionekana kwamba katika wote ni Redempta tu aliyebakiwa na ulezi wa kuaminika, ule mwekundu wa mama yake, unaokomaa mapema na usiopukutika kwa upepo. Aliuweka ndani ya kilindo, chombo cha gome la mti chenye kifuniko, juu darini, moshi wa jiko unapopita. Akawaahidi wenzake: avune kwanza msimu mmoja, kisha kila nyumba itapata fungu lake. Wakampigia vigelegele, na Redempta, ambaye hakuzoea kupigiwa vigelegele, aliona aibu na furaha kwa pamoja.

Adriano alimkatia kipande cha majani juu ya kijito, pale ng'ombe wa Masalu, mfugaji wa Kisukuma, walipokuwa wakipita. Alikitoa kama mtu anayempa mtoto kitu cha kuchezea ili anyamaze.

"Chukua," alisema. "Ila mimi na ntumba tuliachana siku nyingi, Mama Lydia."

Sasa, ntumba si kazi ya mgongo mmoja. Unapika pombe ya ulezi, unatangaza siku, watu wanakuja na majembe yao, wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanakwenda nyumbani. Asiye na pombe halimiwi, na mwenye pombe kidogo anasemwa mpaka wajukuu wake wasikie. Redempta alilipanga jambo hilo vizuri. Sehemu kubwa ya pombe ingetokana na unga wa mahindi, ambao nyumba yao ilikuwa nao wa kumwaga. Ulezi ungehitajika kidogo tu, wa kuoteshwa, kukaushwa na kusagwa kuwa kimea, kwa sababu kimea kidogo kinatosha kuchachusha mtungi mzima. Kila mwanamke wa Ufipa anajua hivyo. Akapima wa kimea, akautia kwenye kibuyu. Wa mbegu ukabaki kwenye kilindo. Siku ikatangazwa kanisani baada ya misa.

Ndipo ikaja habari kutoka Muze kwamba binti yao Lydia amejifungua. Muze iko chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, na kufika huko ni kuteremka ule ukingo wa milima wa Lyamba lya Mfipa ambao magoti yanaukumbuka wiki nzima. Redempta akajitwisha mzigo wa uzazi, akamwambia mumewe atarudi mapema aloweke ulezi. Akamkuta mjukuu wa kike, mzima, mwenye kilio cha hasira. Mvua ikanyesha usiku na mchana, njia ya kupandia ikamomonyoka, akazuiliwa huko huku akili yake iko darini kwake.

Huku juu Adriano naye alikosa raha. Rafiki yake Polikarp, ambaye hajawahi kukosa kazi yoyote yenye pombe, alipita kumsalimu na kumwongezea moto.

"Watu watakuja na majembe wakute mtungi mkavu," Polikarp alisema. "Mimi ningekuwa wewe ningehama kabla ya siku yenyewe."

Adriano alikuwa mtu wa heshima, na aibu ya mkewe aliiona yake. Angeweza kumwita Cornelia, nyumba ya pili tu. Lakini mwanamume kwenda kumuuliza mwanamke wa nyumba nyingine jinsi ya kuotesha kimea, hapana, hilo lilimshinda. Akapanda darini mwenyewe. Akakuta kibuyu, akakitikisa, akaona ulezi wake ni kidogo mno kwa umati ule. Akatazama kilindo. Akaamini kwamba mkewe, kwa haraka ya safari, hakumaliza kupima. Kichwani mwake pombe nyingi ilitaka ulezi mwingi, kama shamba kubwa linavyotaka mbolea nyingi. Akateremsha vyote viwili, akavimwaga kwenye mtungi mmoja, akajaza maji. Kesho yake akautoa, akautandaza kwenye majani, akaufunika magunia, kama alivyokuwa akiona kwa mama yake alipokuwa mdogo. Alijisikia vizuri sana. Tangu waanze kubishana juu ya ntumba, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushika upande wa mkewe.

Redempta alifika jioni, matope mpaka mapajani. Adriano alimpokea mzigo, akauliza habari za mtoto, kisha hakuweza kusubiri zaidi.

"Njoo uone," akasema. "Nimekuanzia kazi."

Akafunua gunia. Ulezi ulikuwa umeota, kila punje na mkia wake mweupe mdogo. Redempta alitazama lile tandiko, akaona ni pana mno. Alipanda darini, akakishika kilindo, na wepesi wake ukampa jibu. Akashuka, akakaa chini penye baridi, na kanga yake imelowa.

"Baba Lydia," alisema. "Ile ya kilindo ilikuwa mbegu."

Mtu mwingine angejitetea, angelaumu mvua, angemlaumu Polikarp. Adriano alitazama mikono yake. Redempta alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka kooni, lakini aliiona sura ya mumewe na hasira ikakosa pa kutokea, na hilo lilimuumiza zaidi ya hasira yenyewe. Alilia. Alilia kwa ajili ya mama yake, kwa ajili ya vigelegele vya wale wanawake, na kwa ajili ya huyu mume aliyejitolea kumsaidia baada ya miaka yote na kumsaidia hivi.

Alfajiri aliamka na wazo. Punje iliyoota haijafa. Ni kweli mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni na ulezi ukipandwa sasa shambani ungekaushwa na kiangazi. Lakini bondeni kando ya kijito kulikuwa na bustani yake ndogo ya mboga, na kijito hakikauki. Alichambua punje zilizokuwa zimechungulia tu, zisizo na mkia mrefu, akazibeba kwenye ungo, akaenda kuzipanda kwenye vitalu kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto. Alipanda kiasi bustani ilichoweza kubeba. Zilizobaki zikakaushwa, zikasagwa, zikawa kimea, maana siku ilikuwa imetangazwa na watu hawarudishwi.

Siku ya kazi walikuja wengi. Habari ilikuwa imekwisha kuenea, kwa sababu Adriano mwenyewe alimweleza Polikarp, na kumweleza Polikarp ni kuwaeleza wote. Walilima kwa nguvu, vilima vikapangana mpaka kwenye njia ya ng'ombe. Walipokaa kunywa, Polikarp alivuta mrija, akafumba macho, akavuta tena.

"Sijawahi kunywa pombe nzuri kama hii," alisema.

Bila shaka ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya ulezi uliochaguliwa suke kwa suke tangu enzi za mama yake Redempta. Polikarp alipogundua alichosema alitaka kuingia ardhini. Redempta ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chenye uchungu ndani yake, na wengine wakamfuata kwa sababu hawakujua la kufanya.

Mvua zilipokatika, bustani ya bondeni ilitaka maji kila siku. Redempta alipotwaa ndoo asubuhi ya kwanza alikuta haipo. Alimwona Adriano mbali akipanda kutoka kijitoni, ndoo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni kwa sababu hakujua kuiweka sawa. Alimwagilia siku hiyo, akamwagilia siku iliyofuata, akaendelea. Wafipa wanajua baridi ya miezi ile, upepo wa uwandani unaokata masikio. Vijana waliokuja likizo kutoka mjini walimwona wakasema mshikaji wetu mzee kapigwa adhabu. Wanaume wa rika lake walimuuliza kama kitambaa cha kichwani atakinunua lini. Yeye akarudi kijitoni na ndoo yake. Masalu, yule Msukuma mwenye ng'ombe, ambaye baba yake alihamia uwandani na mifugo yake yote, alisimamisha ng'ombe wake kumwamkia.

"Shikamoo mzee. Hicho unachonywesha ni nini?"

"Marahaba. Ni ulezi wa Mama Lydia."

"Nitapitisha ng'ombe upande wa juu," Masalu alisema. Kesho yake alileta matawi ya miiba ya kuzungushia uzio, akayaacha pale bila kungoja asante.

Redempta aliona yote hayo. Kuna jioni alimkanda mumewe shingo kwa mafuta ya moto, na akajua kwamba amekwisha kumsamehe, tena siku nyingi.

Ulezi wa bondeni ulichelewa kwa baridi, masuke yakawa mafupi, lakini yalikomaa, mekundu. Walivuna kapu dogo. Mvua za mwaka zilipoanza walibomoa ntumba, Redempta akamwaga mbegu, na mbegu ikaisha nusu ya shamba. Adriano alisimama akitazama nusu iliyobaki.

"Mahindi yataota hapo?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Bila chumvichumvi?"

"Jaribu," mkewe akamwambia.

Yaliota, yakamzidi kimo. Sitadanganya kwamba watu walikuja kuutazama ulezi. Walikuja kuyatazama mahindi. Walishika majani yake mapana ya kijani kibichi, wakamuuliza Adriano mbolea ameipata kwa nani, naye akawaonyesha udongo mweusi wa nyasi zilizooza. Mwaka huo ntumba zilizuka mpaka kwenye mashamba ya waliokuwa wakimcheka. Wanawake wa jumuiya walipanda maharage juu yake na kungoja. Walichongoja kilikuwa ile ahadi ya mbegu.

Na hapo ndipo Redempta aliposhindwa. Mavuno yalikuwa mazuri, kilindo kikajaa mpaka kifuniko kikakaa upande. Cornelia akaja na bakuli lake. Redempta akamkaribisha, akamtilia uji, akaongea habari za Muze, habari za padre, habari za kuku. Kuhusu mbegu akasema, ngoja kidogo, shoga yangu, niizidishe kwanza. Cornelia akaondoka na bakuli tupu. Akarudi mwezi uliofuata, akajibiwa vilevile. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba Mama Lydia amekuwa mchoyo, na nong'ono hizo zilimfikia na kumchoma, kwa sababu hakuwa mchoyo. Alikuwa na hofu. Kila akitaka kuchota mkono ulikataa, akauona tena ule mkia mweupe kwenye kila punje. Alipanda darini asubuhi na jioni kukishika kilindo. Usiku akisikia panya, aliamka.

Kiangazi kikiwa kimekaribia kwisha, aliteremka tena Muze kumwona mjukuu. Alirudi na mchele na samaki wakavu kichwani. Alitua mzigo mlangoni na, kabla ya kunywa maji, akapanda darini.

Kilindo kilikuwa chepesi. Alikifunua. Ndani mlikuwa na vumbi tu.

Alimkuta Adriano nyuma ya nyumba akitia mpini kwenye jembe.

"Baba Lydia. Umeloweka tena?"

"Sijaloweka. Nimegawa."

Maneno aliyoyasema Redempta hapo siyaandiki, na yeye mwenyewe baadaye aliyapeleka kwa padre. Adriano aliweka jembe chini, akamwacha amalize.

"Mbegu ikiwa humu ndani peke yake," alisema, "walinzi wake ni mimi na wewe. Na mimi unanijua. Panya akiingia, moto ukishika dari, au mimi nikipata wazo jingine la kukusaidia, imekwisha. Sasa ipo kwa Cornelia. Ipo kwa Polikarp, nilimpa mke wake, sikumpa yeye. Ipo mpaka kwa mke wa Masalu. Haya, njoo niiloweke yote tuone kama nitaweza."

Redempta alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kinu.

"Na yetu?"

"Iko kwenye chungu chini ya kitanda. Sawa na ya kila mtu."

Kwanza Redempta aliwaza kupita nyumba kwa nyumba kuidai. Kisha akazifikiria zile nyumba, dari za moshi za wale wanawake, kila moja na ulezi wa mama yake ndani, na akahisi mabega yake yakishuka. Alikuwa amechoka, na hakuwa amejua jinsi alivyochoka mpaka pale palipokosekana cha kulinda. Alimtazama mumewe, mahindi yake yote na kiburi chake chote, na akampenda waziwazi kama msichana.

"Uliwaambia wasiiloweke yote?"

"Ndilo nililoanza nalo, kila nyumba," Adriano alisema. "Cornelia alicheka mpaka akakaa chini."

Redempta naye akacheka, akalia kidogo, kisha akaingia ndani kuwasha moto wa kupikia samaki.